Joto Halikuua Watu 739 Peke Yake

Kila ikifika Juni ama Julai, simu yangu hujaa video za Wamarekani wakijaribu kukaanga mayai juu ya boneti ya gari. Na kila nikitaja joto la huko, lazima mtu aniambie: "Buda, hao wana AC. Wacha tuongee kuhusu Lodwar." Sawa. Lodwar kuna joto, hakuna anayebisha. Lakini leo nawapeleka Chicago, Julai 1995, kwa sababu stori ya huko ndiyo ilinifanya niache kuona joto kama kazi ya jua tu.

Tarehe 13 Julai, siku ya Alhamisi, kipimo kwenye uwanja wa ndege wa Midway kilisoma nyuzi 41. Mtu wa Lodwar atasema hiyo ni kawaida. Shida ilikuwa unyevu. Mashamba ya mahindi ya Iowa na Illinois yalikuwa yanatoa mvuke mchana kutwa, na hewa ikawa nzito mpaka jasho linakataa kukauka. Sasa, mwili wa binadamu hupoa jasho likikauka. Lisipokauka, unapikika polepole. Joto ambalo mwili ulihisi siku hiyo lilikuwa takriban nyuzi 50. Hata usiku haukusaidia: jiji la matofali na lami lilikuwa limefyonza jua siku nzima, na usiku likawa linalitema.

Na mvua je? Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa. Hewa iliyogandamana juu ya nchi hukaa kama kifuniko cha sufuria. Chini yake mawingu hayapandi, kwa hivyo hakuna mvua ya kupoza mtu. Lakini pembeni mwa kifuniko, pale hewa moto inapogusana na hewa baridi, radi huanza kuviringika. Ndiyo maana utabiri wa kiangazi wa Marekani huweka pamoja vitu viwili vinavyoonekana kupingana: joto hatari, na mvua ya radi hapa na pale. Wiki hiyo hiyo Chicago ilipokuwa inaiva, dhoruba zilikuwa zinazunguka ukingoni mwa lile joto. Alfajiri ya tarehe 15 Julai moja ilitoka Ontario, Kanada, ikaingia milima ya Adirondack, New York, ikalaza msitu na kuua watu waliokuwa wamepiga kambi chini ya miti.

Turudi mjini. Kila mwenye AC aliiwasha, na mitambo ikalemewa. Nyumba kama 49,000 zikapotelewa na stima, nyingine kwa siku mbili. Vijana walifungua mabomba ya zimamoto barabarani wajimwagie maji, presha ikashuka, na majengo mengine yakakauka mifereji. Hospitali zaidi ya 20 zilifika mahali pa kukataa wagonjwa wapya wa dharura. Kufika wikendi, mochari ya kaunti ya Cook, yenye nafasi 222, ilikuwa imejaa. Ikabidi waletewe malori ya friji, yale ya kubeba nyama, yakaegeshwa nje. Malori tisa.

Hesabu ya baadaye ilionyesha kwamba wiki hiyo walikufa watu 739 zaidi ya wale ambao kwa kawaida wangekufa.

Mwanzoni meya, Richard M. Daley, alitilia shaka hesabu ya mkuu wa uchunguzi wa vifo wa kaunti, daktari Edmund Donoghue. Hoja ya meya ilikuwa kwamba ukihesabu hivyo, kila anayekufa kiangazi utasema ameuawa na joto. Wataalamu wa serikali kuu walipopitia kazi ya Donoghue, waliona yuko sawa. Naye afisa aliyesimamia huduma za jamii jijini alidai watu walikufa kwa sababu ya kujipuuza. Aliomba msamaha baadaye, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Sasa tuulize: kama ni jua, si liliwaka jiji lote? Mbona lilichagua?

Eric Klinenberg, mwanasosholojia aliyezaliwa Chicago, alichimba swali hilo kwa miaka kadhaa, na mwaka 2002 akatoa kitabu kuhusu wiki hiyo. Alilinganisha mitaa miwili inayopakana, North Lawndale na South Lawndale. Hali ya hewa ni moja, na kote kulikuwa na wazee maskini wengi wanaoishi peke yao. North Lawndale walikufa watu 40 kwa kila 100,000. South Lawndale, 4. Mara kumi!

Utasema labda ni mambo ya rangi, kwa sababu North Lawndale wakati huo wakazi karibu wote walikuwa weusi na South Lawndale wengi ni Walatino. Ni kweli weusi waliumia sana wiki hiyo, na huwezi kuelewa Chicago bila kuelewa ubaguzi wake. Lakini angalia Auburn Gresham, mtaa mwingine wa watu weusi. Huko vifo vilikuwa 3 kwa kila 100,000. Englewood, karibu na hapo, pia ya watu weusi, 33.

Tofauti ilikuwa chini, barabarani. North Lawndale na Englewood viwanda vilikuwa vimehama, maduka yamefungwa, majirani wameondoka, ploti zimebaki magugu. Mzee wa huko alikuwa anaogopa kutoka, na hata akitoka hakuna pa kwenda. Kuna waliofunga madirisha kwa misumari wakiogopa wezi, na ndani ya nyumba hizo joto likawakuta. South Lawndale na Auburn Gresham kulikuwa na maduka na watu wa kusalimiana nao. Mzee alitoka kununua mkate, akaingia duka lenye ubaridi, akakaa hapo akipiga stori. Asipoonekana siku mbili, mtu anauliza.

Watafiti wa afya walifika jibu lile lile kwa njia yao. AC ilisaidia, ndio. Lakini waliokuwa hatarini sana walikuwa wanaoishi peke yao, wasiotoka nje kila siku, na wagonjwa wa kitandani. Na hili lilinishtua: ukilinganisha watu wa umri mmoja, wanaume wazee walikufa zaidi ya mara mbili ya wanawake, ingawa wanawake wengi zaidi ndio walioishi peke yao. Mama mzee akibaki peke yake bado ana watu wa kumtembelea. Mzee wa kiume mara nyingi hubaki na redio yake.

Miili mingine haikuwahi kuchukuliwa. Agosti 1995, watu 41 waliouawa na joto hilo walizikwa na kaunti katika kaburi la pamoja, kwa sababu hakuna aliyekuja kuwaulizia.

Joto liliporudi mwaka 1999, jiji lilituma watu wabishe milango na kupigia wazee simu. Walikufa kama 110. Bado ni wengi, lakini si 739.

Na usidhani yaliisha hapo. Tarehe 29 Juni 2012, Washington ikiwa na nyuzi 40, dhoruba ya upepo na radi ilitoka upande wa Indiana na Ohio ikafika hadi bahari ya Atlantiki. Iliua watu 22 na kukata stima kwa zaidi ya wateja milioni 4. Kisha joto likabaki, na safari hii hakuna AC. Katika majimbo manne, Maryland, Ohio, Virginia na West Virginia, joto liliua watu 32 ndani ya wiki mbili. Wengi wao waliishi peke yao au hawakuwa na mwenzi. Stori ni ile ile.

Nasema haya nikijua ninachosema. Nilipoacha chuo nilijifungia kwenye keja ya mabati, orofa ya juu kabisa, Februari. Sikutaka mtu aniulize maswali. Simu nilizima. Siku ya tatu nilikuwa na homa, kichwa kinapasuka, na maji yameisha kwenye mtungi. Aliyenitoa ni mama wa kuuza mboga pale chini. Alibisha mlango akasema, "Kijana, mbona hujanunua sukuma tangu Jumatatu?" Basi. Hakuwa daktari wala afisa wa serikali.

Tunapenda kusema huku kwetu hatuwezi kufa hivyo, eti sisi tuna undugu. Lakini hebu niambie ukweli: jirani yako wa mlango wa pili anaitwa nani? Na yule mzee wa chumba cha mwisho, ulimwona lini mara ya mwisho?

Mimi nitaanza na huyo wa kwangu kesho asubuhi. Nawe nenda ukabishe.