Seli Shina na Tiba ya Selimundu: Sayansi Ilipofikia na Wajibu wa Mwananchi

Na Mwandishi Wetu

Tarehe 16 Novemba 2023, mamlaka ya udhibiti wa dawa ya Uingereza iliidhinisha tiba ya selimundu inayotumia seli za mgonjwa mwenyewe baada ya jeni zake kuhaririwa katika maabara. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza duniani kwa tiba ya kuhariri jeni kwa teknolojia ya CRISPR kupata kibali. Wiki tatu baadaye, tarehe 8 Desemba, Marekani nayo iliidhinisha tiba hiyo pamoja na nyingine inayoongeza jeni mpya katika seli za mgonjwa.

Kwa Watanzania, habari hiyo ina uzito wa pekee. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye idadi kubwa zaidi ya watoto wanaozaliwa na selimundu duniani; inakadiriwa kuwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na ugonjwa huo nchini kila mwaka. Ni jambo la kawaida, basi, kwa mzazi aliyesikia habari za tiba mpya kuuliza: je, mwanangu ataipata lini? Makala haya yanaeleza sayansi hiyo ni ipi, imefikia wapi, ni huduma zipi zilizopo sasa na ni hatua gani ambazo familia inaweza kuzichukua leo bila kusubiri.

Selimundu ni ugonjwa wa namna gani

Damu ni tishu, kama zilivyo tishu za misuli au ngozi, isipokuwa yenyewe ni ya majimaji. Seli zake nyekundu hubeba oksijeni kutoka kwenye mapafu kwenda sehemu zote za mwili, kwa msaada wa protini iitwayo himoglobini. Seli nyekundu yenye afya ni ya mviringo na laini, hivyo hujikunja na kupenya katika mishipa myembamba kuliko yenyewe. Huishi kwa takriban siku 120.

Kwa mgonjwa wa selimundu, herufi moja tu imebadilika katika jeni inayoelekeza utengenezaji wa himoglobini. Badiliko hilo dogo huifanya himoglobini igande na kuunda nyuzi ngumu pale oksijeni inapopungua, na seli hujikunja mfano wa mundu wa kuvunia mpunga. Seli za namna hiyo huishi kati ya siku 10 na 20 pekee, na ndiyo maana mgonjwa hupungukiwa damu. Aidha, hunasa katika mishipa midogo na kuzuia damu kupita, jambo linalosababisha maumivu makali, kiharusi, na uharibifu wa wengu, figo, mapafu na mifupa.

Seli hizo zilielezwa kwa mara ya kwanza katika jarida la kitabibu mwaka 1910 na daktari James Herrick wa Chicago, nchini Marekani. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionesha kwamba chanzo chake kimo ndani ya himoglobini yenyewe. Mwaka 1954 Anthony Allison, mtafiti aliyekulia Kenya, alichapisha matokeo ya utafiti wake wa Afrika Mashariki uliobainisha kuwa mtu aliyerithi jeni hiyo kutoka kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Ndiyo sababu jeni hiyo imeenea zaidi katika maeneo yenye malaria nyingi, yakiwemo mwambao wa bahari na kandokando ya Ziwa Victoria. Hata hivyo, aliyerithi jeni hiyo kutoka kwa wazazi wote wawili hana nafuu hiyo. Yeye ndiye mgonjwa, na malaria kwake ni hatari kubwa zaidi.

Seli shina: chanzo cha damu yote

Ndani ya mifupa mna uloto, na ndani ya uloto mna seli shina. Sifa kuu ya seli hizi ni mbili: hujizalisha zenyewe, na pia huzaa seli nyingine za damu za kila aina. Mwaka 1961 watafiti James Till na Ernest McCulloch wa Toronto, nchini Kanada, walitoa ushahidi wa kwanza wa kuwapo kwa seli hizo katika uloto wa panya. Kwa mtu mzima, uloto huzalisha takriban seli nyekundu milioni mbili kila sekunde.

Kutokana na ugunduzi huo, hoja ya kitabibu ni nyepesi kueleweka. Kumwongezea mgonjwa damu ni kumsaidia kwa wiki chache, kwa kuwa seli alizoongezewa zitakufa na uloto wake utaendelea kuzalisha zenye kasoro. Lakini seli shina zikibadilishwa, damu yote itakayozalishwa baadaye itabadilika.

Njia ya kwanza: kupandikiza uloto

Njia ya zamani zaidi ya kufanya hivyo ni kumpandikizia mgonjwa uloto kutoka kwa mtu mwingine. Mtoto wa kwanza kuripotiwa kupona selimundu kwa njia hiyo alitibiwa nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980. Uloto ulipandikizwa ili kutibu saratani ya damu aliyokuwa nayo, na selimundu nayo ikatoweka.

Huduma hiyo sasa inapatikana nchini. Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma ilianza kuwapandikiza uloto watoto wenye selimundu mwaka 2023, hatua iliyoondoa ulazima wa kila familia inayohitaji huduma hiyo kusafiri nje ya nchi.

Mchangiaji anayefaa zaidi ni ndugu wa baba na mama mmoja ambaye vinasaba vyake vya kinga vinalingana na vya mgonjwa. Uwezekano wa kila ndugu kulingana na mgonjwa ni asilimia 25. Ndugu aliyerithi jeni ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja anaweza kuchangia, ila ndugu ambaye naye ni mgonjwa hawezi. Ikiwa mgonjwa ni mtoto na mchangiaji ni ndugu anayelingana naye, zaidi ya watoto tisa kati ya kumi huendelea kuishi baada ya matibabu. Hata hivyo, hatari zipo: mwili unaweza kuukataa uloto mpya, au seli za mchangiaji zinaweza kuushambulia mwili wa mgonjwa. Ni lazima familia ielezwe hayo yote kabla ya kutoa ridhaa.

Njia ya pili: kuhariri jeni za mgonjwa mwenyewe

Wagonjwa wengi hawana ndugu anayelingana nao. Kwa hao, matumaini yapo katika uhariri wa jeni. Mwaka 2012 Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna walionesha kuwa mfumo ambao bakteria huutumia kujikinga na virusi unaweza kuelekezwa kukata vinasaba mahali palipokusudiwa. Kazi hiyo iliwapatia Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2020.

Tiba iliyoidhinishwa mwaka 2023 hairekebishi ile herufi iliyobadilika. Inatumia njia ya kuzunguka. Mtoto akiwa tumboni hutumia himoglobini ya aina nyingine, ambayo haigandi kama ile ya selimundu. Miezi michache baada ya kuzaliwa, jeni iitwayo BCL11A huizima himoglobini hiyo. Ndiyo maana dalili za selimundu huanza kuonekana mtoto anapokaribia nusu mwaka. Wanasayansi wanachofanya ni kukata sehemu inayoiwezesha BCL11A kufanya kazi katika seli za damu, na himoglobini ya utotoni huanza kuzalishwa upya.

Utaratibu wake ni mrefu. Seli shina hukusanywa kutoka kwenye damu ya mgonjwa, hupelekwa maabara na kuhaririwa, kisha hukaguliwa. Mgonjwa hupewa dawa kali, aina ya zile zitumikazo kutibu saratani, ili kuondoa seli shina zilizobaki katika uloto wake. Baada ya hapo hurudishiwa seli zake zilizohaririwa, na hukaa hospitalini kwa wiki kadhaa akilindwa dhidi ya maambukizi. Dawa hizo zinaweza kuathiri uwezo wa kupata watoto.

Katika majaribio yaliyotumika kuomba kibali Marekani, wagonjwa 29 kati ya 31 waliofuatiliwa kwa muda wa kutosha walipitisha angalau miezi 12 mfululizo bila kupata vipindi vikali vya maumivu. Kibali kilitolewa kwa wagonjwa wenye umri wa kuanzia miaka 12.

Jambo moja halina budi kusisitizwa. Njia zote mbili hubadilisha seli za damu tu, hazibadilishi mbegu za uzazi. Aliyepona bado anaweza kumrithisha mtoto wake jeni ya selimundu.

Kikwazo cha gharama

Bei iliyotangazwa Marekani kwa tiba ya kuhariri jeni ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, na ile ya kuongeza jeni ni dola milioni 3.1. Bei hizo hazihusishi gharama za kulazwa. Tiba hiyo pia inahitaji vyumba maalumu vya kulaza wagonjwa, mitambo ya kukusanya seli na wataalamu wengi. Kwa takwimu za mwaka 2021, watoto wapatao 515,000 walizaliwa na selimundu duniani, na zaidi ya robo tatu yao walizaliwa Afrika kusini mwa Sahara. Kwa maneno mengine, tiba imepatikana mbali na waliko wagonjwa wengi.

Juhudi za kuziba pengo hilo zimeanza. Mwezi Oktoba 2019, taasisi za taifa za afya za Marekani na Taasisi ya Bill na Melinda Gates zilitangaza kuwa kila upande ungetenga angalau dola milioni 100 kwa miaka minne, ili kutafuta tiba za jeni za selimundu na virusi vya UKIMWI zinazoweza kutumika katika nchi zenye uwezo mdogo. Lengo la watafiti ni kuwezesha jeni kuhaririwa ndani ya mwili kwa sindano, bila kutoa seli na bila kutumia zile dawa kali. Hatua hiyo bado iko katika utafiti.

Kinachookoa maisha sasa

Wakati utafiti huo ukiendelea, ipo dawa ya kumeza ambayo manufaa yake kwa watoto wa Afrika yamethibitishwa. Haidroksiurea nayo huongeza himoglobini ya utotoni, ingawa kwa kiwango kidogo na kwa muda ambao mgonjwa anaendelea kuitumia. Utafiti uliofanyika Angola, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Kenya (Kilifi) na Uganda (Mbale), ukihusisha watoto zaidi ya 600 wenye umri wa kati ya mwaka mmoja na miaka 10, ulionesha kuwa vipindi vya maumivu na matukio ya malaria vilipungua kwa takriban nusu. Mahitaji ya kuongezewa damu na vifo pia vilipungua. Dawa hiyo hutolewa kwa maelekezo ya daktari, na mgonjwa hupimwa damu mara kwa mara ili kurekebisha dozi.

Wananchi wanashauriwa kuzingatia yafuatayo:

- Wanaotarajia kuoana wapime damu. Ikiwa wote wawili wana jeni ya selimundu bila kuumwa, kila ujauzito una uwezekano wa asilimia 25 wa kupata mtoto mgonjwa. Uwezekano huo haupungui kwa sababu mtoto aliyetangulia alizaliwa mgonjwa.
- Mtoto apimwe mapema, hasa ikiwa kuna mgonjwa katika ukoo. Kuvimba vidole vya mikono na miguu, macho kuwa ya njano na kupungukiwa damu mara kwa mara ni dalili zinazohitaji kipimo.
- Mtoto aliyethibitika ahudhurie kliniki bila kukosa, apewe chanjo zote, dawa ya penisilini ya kuzuia maambukizi hadi atimize angalau miaka mitano, na kinga ya malaria, ikiwemo kulala ndani ya chandarua chenye dawa.
- Mgonjwa anywe maji ya kutosha na aepuke baridi kali. Akipata homa, kupumua kwa shida, ulegevu wa upande mmoja wa mwili au kuvimba ghafla tumbo upande wa wengu, afikishwe hospitali mara moja.
- Wananchi wajihadhari na vidonge au unga unaouzwa kwa jina la seli shina. Seli shina za damu ni seli hai. Haziwezi kumezwa, kupita tumboni na kufika kwenye uloto. Hakuna kidonge cha namna hiyo kinachoponya selimundu, na anayeacha haidroksiurea ili kukitumia anahatarisha maisha yake.
- Jamii ichangie damu, kwa kuwa wagonjwa wengi huihitaji katika hali ya dharura.

Kila mwaka tarehe 19 Juni dunia huadhimisha Siku ya Selimundu. Sayansi ya seli imeshaonesha kuwa ugonjwa huu unaweza kupona. Hata hivyo, mtoto atakayenufaika na tiba ya kesho ni yule atakayekuwa hai siku hiyo itakapofika, na safari yake inaanza kwa kipimo cha damu katika kituo cha afya.