Msitu Usioota: Sura ya Kongo katika Misitu ya Bandia

Msafiri atokaye Lubumbashi kwenda Kilwa, kando ya Ziwa Mweru, hapiti katika msitu mzito wa mvua. Hupita katika miombo: miti iliyoachana kiasi cha kupenyeza jua, nyasi chini yake, na majani machanga yachipuayo mekundu kabla ya mvua za kwanza. Wenyeji hulijua pori hilo kwa uyoga wake, viwavi wa kuliwa na mkaa. Misitu minene ya Kongo ipo, lakini iko mbali na Kilwa, upande wa kaskazini. Hata hivyo, Kongo itajwapo ng'ambo, huwazwa msitu mmoja tu, wenye giza na mimea itambaayo. Makala haya yanachunguza jinsi mafundi wa Marekani walivyoijenga sura hiyo, kwa maana halisi ya neno kujenga.

Mfano wa kwanza ni wa jumba la makumbusho. Mwaka 1921 Carl Akeley alifika katika milima ya volkano ya Kivu kutafuta gorila kwa ajili ya jumba la Historia ya Viumbe la New York. Alirudi mwaka 1926 pamoja na mchoraji William R. Leigh ili mahali penyewe pachunguzwe, akafariki mwezi Novemba katika mteremko wa mlima Mikeno, akazikwa huko huko. Kazi hiyo isingewezekana bila wapagazi na waelekezi wenyeji. Ukumbi wenye jina la Akeley ulifunguliwa mwaka 1936. Nyuma ya gorila waliokaushwa kuna mandhari aliyoichora Leigh, na mbele yao mimea ya bandia. Kwa kuwa jani la kweli hunyauka, Akeley alikuwa amekwisha kubuni, miaka mingi kabla, njia ya kutengeneza majani ya nta kwa kalibu za plasta zilizochukuliwa katika majani yenyewe. Msitu huo ni wa bandia, lakini kipimo chake kilitoka Kivu.

Mfano wa pili ni filamu ya King Kong ya mwaka 1933. Willis O'Brien alitumia sanamu yenye urefu wa futi moja na nusu hivi, iliyoundwa na Marcel Delgado, akaisogeza kidogo kidogo na kuipiga picha moja moja. Kwa mwendo wa picha 24 kwa sekunde, dakika moja huhitaji picha 1,440. Msitu ulipangwa juu ya meza kwa tabaka: vioo vilivyochorwa na Mario Larrinaga na Byron Crabbe, na kati yake miti midogo ya kuundwa. Katika kazi hiyo mmea hai ni adui, kwa kuwa ukisogea kati ya picha mbili, kwenye kiwambo hutetemeka. Inasimuliwa kwamba ua moja lilichanua wakati wa kazi, na likaiharibu. Ililazimu, basi, kujenga msitu usioota.

Tofauti ya mifano hii haiko katika ubandia, bali katika chanzo. Mafundi wa filamu hawakupima msitu wowote. Walifuata vivuli na mizizi ya michoro ya Mfaransa Gustave Doré. Kisiwa cha hadithi kiliwekwa katika Bahari ya Hindi, lakini mnyama wake alikuwa gorila, na gorila ni wa Afrika. Kwa njia hiyo giza la michoro ya Ulaya liliweza kuhamishiwa Kongo.

Hasara yake si ndogo. Msitu usioota hauna majira, wala hauna mtu anayejua mti upi unaleta viwavi. Anayetaka kulijenga pori la Kilwa juu ya meza hana budi kwanza kuamua ni mwezi gani, kwa kuwa miombo ya Septemba si miombo ya Februari. Swali hilo moja, ambalo mkazi yeyote wa Kilwa angeliuliza, halikuwa na nafasi katika msitu wa Kong.