Mwalimu wa Historia Hupewa Nini?

Shilingi 6,000 kwa mwaka. Hiyo ndiyo bei ambayo Tume ya Huduma za Walimu, TSC, iliweka mwaka 2021 ilipozindua mafunzo ya lazima kwa walimu walio kazini. Moduli sita, kila moja miaka mitano, na pesa zitoke mfukoni mwa mwalimu mwenyewe. Piga hesabu, ni miaka 30. Walimu wengi wakaja juu, na kelele zote zikawa za pesa. Siwalaumu, mshahara wa mwalimu twaujua. Mimi nilibaki na swali jingine: huyu mwalimu wa historia, akishalipa, anapewa nini cha kuingia nacho darasani?

Nauliza nikiwa nje ya lango. Niliacha chuo mwaka wa pili, nikisomea ualimu wa Historia na Kiswahili, na siku hizi naandika kwa kulipwa makala moja moja. Lakini naishi Mwakirunge, ploti moja na mwalimu wa sekondari msingi anayefundisha Masomo ya Jamii, na jioni nyingi tunakaa nje tukiongea kazi yake. Kwa wewe usiyepajua, Mwakirunge ni ile sehemu ya Kisauni unayoisikia kwenye habari kwa sababu ya jaa. Kibarani ilipofungwa mwaka 2018, taka za mji zikaelekezwa kwetu. Wanaookota karatasi huziuza kwa kilo, na kwenye magunia yao nimeona vitabu vya shule vya kila zama, vya GHC vya wazazi wetu hadi vile vilivyoandikwa jaladani kwamba ni mali ya serikali, si vya kuuzwa. Mtaala ukibadilika, kitabu cha jana kinapandishwa kwenye mizani.

Kwa hiyo vitabu si haba. Tangu 2018 serikali yenyewe huvinunua na kuvipeleka shuleni moja kwa moja. Jirani yangu alinielezea shida yake siku alipokuwa akitayarisha somo la biashara ya watumwa. “Mdogo wangu,” aliniambia, “kitabu ninacho. La kuwaambia hawa watoto ndilo sina.” Darasani kwake kuna mtoto ambaye bibi yake alimwambia, kwa sauti ya chini, kwamba babu zao waliletwa kutoka Unyasa. Kuna mwingine ambaye watu wa ukoo wake walikuwa na mashamba yaliyolimwa na watumwa. Wamekaa dawati moja. Kitabu kinaeleza sababu tano za biashara hiyo na athari zake sita, kisha maswali ya kujibu. Hakuna mahali kinapomwambia mwalimu afanye nini mtoto mmoja akimgeukia mwenzake na kumwita mtumwa.

Ajabu ni kwamba hilo somo lina nyumba yake hapa hapa Kisauni. Ukishuka matatu Kengeleni unashukia Frere Town, na kama kuna mahali elimu ya kisasa ya pwani hii ilipoanzia na mwalimu Mwafrika mbele ya darasa, basi ni huko, pamoja na Rabai.

Mwaka 1873 Sir Bartle Frere alitumwa Zanzibar kumshinikiza Sultani Barghash, na mwaka huo huo soko la watumwa likafungwa kwa mkataba. Manowari za Kiingereza zikawa zinakamata majahazi baharini, na waliookolewa wakahitaji pa kuwekwa. Mwaka 1875 mmishonari William Salter Price wa shirika la CMS alinunua ardhi ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, akaanzisha makazi na kuyapa jina la Frere. Kengele iliwekwa kuwaonya wakazi pakitokea shambulio. Ndiyo jina la Kengeleni.

Nani alifundisha huko? Vitabu vyetu vya shule huruka hapa. Kabla ya Frere Town, watoto wa Kiafrika waliookolewa baharini walikuwa wakipelekwa India, na baadhi yao walisomeshwa katika shule ya CMS karibu na Nashik. Price mwenyewe aliwahi kuiongoza. Hao ndio waliokuja kuitwa Waafrika wa Bombay. Walirudi pwani hii wakiwa wanajua kusoma, kazi za mikono, na lugha zaidi ya moja. George David, Ishmael Semler, William Henry Jones: walifundisha, walihubiri, walitafsiri, na wazungu walipougua au kufa kwa homa, wao ndio walioendesha mambo. Jones alikuwa Rabai wakati watumwa waliotoroka mashamba ya pwani walipofurika huko kutafuta hifadhi. Mwanzoni mwa 1889 kampuni ya IBEA ililazimika kuwalipa fidia wenye mashamba kwa ajili ya watoro zaidi ya 1,400. Yaani mwalimu wetu wa kwanza alikuwa pia mtu aliyeficha watoro. Sijui kwa nini jambo hili si swali la mtihani.

Mwaka 1903 Frere Town ikapata chuo cha kuwafunza wahubiri. Mwaka 1930 kikahamishiwa Limuru, na leo ni Chuo Kikuu cha St Paul's. Kisauni ikabaki na kengele.

Wakati huo huo serikali ya kikoloni ilikuwa na mpango wake wa kumwezesha mwalimu aliye kazini. Mwaka 1925 ilifunguliwa Jeanes School huko Kabete. Wazo lilitoka kusini mwa Marekani, ambako pesa za mama mmoja wa Philadelphia, Anna Jeanes, ziligharimia walimu weusi waliozunguka shule za vijijini wakiwasaidia walimu wenzao. Kabete iliwachukua walimu pamoja na wake zao, ikawafunza, ikawarudisha mashinani wazunguke. Nikisema ukweli, kama mbinu, naipenda kuliko moduli za miaka 30: mtu anakuja shuleni kwako, anakaa nyuma ya darasa lako, mnaongea. Lakini angalia kilichobebwa. Walipelekewa kilimo, usafi, choo bora, ufundi. Historia yao haikuwemo. Elimu hiyo ilitaka mwanakijiji msafi, na sidhani ilimtaka aulize sana ametoka wapi.

Halafu mwaka 1934 kikatokea kitabu. James Mbotela, mtoto wa Frere Town, mwana wa mtumwa aliyeachwa huru, alichapisha *Uhuru wa Watumwa* kwa Sheldon Press ya London. Ukoo huo ndio uliotupa sauti ya Leonard Mambo Mbotela redioni. Kitabu kiliandikwa kwa Kiswahili na kilisomwa shuleni Afrika Mashariki kwa miaka mingi. Fikiria tu: nyenzo ya kufundishia historia, iliyotungwa na mtu wa Kisauni, juu ya Kisauni, kwa lugha ambayo mtoto wa Kisauni anaiota usiku. Sijui kama tumewahi kupata nyingine kama hiyo.

Hata hivyo huwezi kukiweka mezani na kuondoka. Kiswahili chenyewe kilipitia mlango. Mwaka 1928 mkutano ulifanyika hapa hapa Mombasa ukachagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, si Kimvita cha wenyeji wa mji ulioandaa mkutano, na kuanzia 1930 kamati ya lugha ikawa ndiyo inayopitisha vitabu vya shule. Na hadithi anayoisimulia Mbotela ina mashujaa wake: Waingereza wema wenye meli. Mwarabu ni mwovu. Mtumwa anasubiri kuokolewa.

Mimi sikitupi kitabu kwa sababu hiyo. Mzee wake aliokolewa kweli. Angemshukuru nani? Lakini ukikiweka kando ya tarehe tatu, kinaanza kuzungumza mambo mengine. 1873, soko linafungwa. 1895, Uingereza inatangaza himaya yake hapa. 1907, utumwa unapoteza uhalali wa kisheria kwenye pwani ya Kenya. Kwa miaka 12 bendera ya wakombozi ilipepea na mtu akaweza kuwa mali ya mtu kisheria. Kisha weka na watoro. Wakati meli zikivizia majahazi, watu walikuwa wakijikomboa kwa miguu yao: wengine walikimbilia Witu kwa Sultani Ahmed Simba, wengine Fuladoyo, bara ya Ugiriama, makazi aliyoyaongoza Mgiriama Mkristo aliyeitwa Abe Ngoa. Hao hawakusubiri kuokolewa na mtu. Mtoto wa Mwakirunge ambaye bibi yake ananong'ona anaweza kuwa mjukuu wa mtoro, na sisikii aibu yoyote katika neno hilo.

Kazi hiyo ya kuweka kitabu kando ya kitabu ina watu waliowahi kuijaribu kwa ngazi ya taifa. Baada ya uhuru, historia ya shuleni ilikuwa bado ni safari za wazungu na wafalme wa Uingereza. Bethwell Ogot na wenzake wakaunda Chama cha Historia cha Kenya, wakawa na mikutano ya kila mwaka, na mada zake zikachapishwa kwa jina la *Hadith*. Mwaka 1968 likatoka buku la *Zamani*, lililohaririwa na Ogot na Kieran, na likawa tegemeo la walimu wa sekondari na wanafunzi wa vyuo. Ogot alifariki Januari 2025, na nilisoma tanzia nyingi zilizomtaja msomi, chache zilizokumbuka kwamba alimpa mwalimu wa kawaida kitu cha kushika.

Kisha? 8-4-4 ikaja 1985. Katika shule za msingi historia ikafungwa furushi moja na jiografia na uraia, ndiyo ile GHC, na kazi ya mwalimu ikawa kumaliza silabasi kabla ya mtihani. Mwaka 1998, kwa msaada wa Japani, ulianza mradi wa SMASSE wa kuwanoa walimu wa sekondari kazini. Ulifika mbali, ukazaa kituo kizima huko Karen, CEMASTEA. Ulikuwa wa hisabati na sayansi. Ndivyo jina lake linavyosema, na hakuna aliyedanganywa. Lakini mwalimu wa kemia akaitwa semina wakati wa likizo, akafundishwa kutengeneza jaribio kwa chupa ya plastiki, na mwenzake wa historia waliyekuwa wakikaa naye meza moja akabaki na chaki. Hakukuwa na mradi wa ukubwa huo kwa ajili yake. Nadhani wakubwa waliamini historia hujifundisha yenyewe: soma, andika muhtasari, kariri.

Waulize Rwanda kama hujifundisha. Baada ya 1994 walisimamisha ufundishaji wa historia shuleni kwa miaka, kwa sababu hakuna aliyejua mwalimu asimame mbele ya lile darasa aseme nini. Sisi hatukusimamisha. Tuliacha tu mwalimu ajitegemee, na mwalimu akiogopa moto huruka ukurasa.

Kuna na suala la lugha, ambalo linanikera kidogo. Tanzania wameanzisha somo la Historia ya Tanzania na Maadili, linafundishwa kwa Kiswahili. Kwetu Masomo ya Jamii ni Kiingereza. Kwa hiyo simulizi ya Mbotela, iliyoandikwa kwa Kiswahili umbali wa matatu moja kutoka hapa, ikiletwa darasani inaonekana ni ya somo jingine. Jirani yangu aliniuliza kama mkaguzi akiingia atamwambia ni kipindi gani. Nilimwambia amwambie ni chanzo cha kihistoria. Alicheka. “Wewe uliacha chuo,” akasema, “lakini maneno hukuyaacha.”

Tulikifanya hivi. Nilikopeshwa nakala chakavu ya kitabu na mzee mmoja wa Kengeleni, kwa masharti kwamba kisikae nje usiku. Tulichagua kurasa tatu. Fotokopi kwetu ni shilingi tano ukurasa na darasa lina wanafunzi 62, tukapatana nakala moja kwa watu wanne. Seti 16, shilingi 240. Yeye akatoa mia na arobaini, mimi mia.

Hakuwauliza nani kabila gani. Aliandika ubaoni zile tarehe tatu, akachora ramani yenye Witu, Fuladoyo, Rabai na Frere Town, akawaambia wasome kurasa kwa zamu kwa Kiswahili, kisha kila kundi liandike, kwa lugha yoyote, swali moja ambalo wangemuuliza Mbotela kama angeingia mlangoni. Alinisimulia jioni ile akiwa bado na chaki kwenye mkono wa gauni. Kundi moja liliuliza kwa nini baba yake hakutoroka. Jingine liliuliza kama Waingereza walijua kulikuwa na watumwa Mombasa mwaka 1896, na kama walijua, walikuwa wakingoja nini. Kijana mmoja ambaye huwa hasemi chochote aliuliza kama anaweza kwenda nyumbani kumuuliza bibi yake kitu, akaambiwa ndiyo, lakini aulize kwa adabu na asiandike kama bibi hataki.

Wiki iliyofuata silabasi ilidai mada nyingine. Zile karatasi amezitia ndani ya bahasha ya kaki juu ya kabati, na walimu wawili wa shule za jirani wameshakuja kuziazima.