Bima ya Bei Nafuu: Nafuu kwa Nani?

Serikali inapotamka kwamba bima ya matibabu ni ya bei nafuu, huwa imekwisha kuamua mambo mawili: mapato ya nani yahesabiwe, na ugonjwa wa nani uhesabiwe. Maamuzi hayo yana historia, nayo ni historia ya kitabaka.

Mwaka 1883 Bismarck alianzisha bima ya ugonjwa kwa wafanyakazi wa Ujerumani. Mwaka 1878 alikuwa amevipiga marufuku vyama na magazeti ya wajamaa. Kwa hiyo bima ilikuwa mkono wa pili wa siasa ile ile. Mfanyakazi alilipa theluthi mbili za mchango, mwajiri theluthi moja.

Uingereza ilifuata mwaka 1911, chini ya Lloyd George. Mwanamume alikatwa peni 4 kwa wiki, mwajiri akatoa peni 3, serikali peni 2. Ukiacha wenye ujira duni kabisa, kibarua na fundi stadi walikatwa sawasawa. Tena daktari alimtibu mwenye kadi peke yake. Mkewe alipewa shilingi 30 za uzazi, lakini akishikwa na homa, yeye na watoto hawakuwamo. Kwa nini? Shabaha ilikuwa kumrudisha kazini yule ambaye nguvu zake zimenunuliwa. Homa ya mtoto haikuwa hasara ya kiwanda. Kazi ya mama ya kupika, kufua na kulea, ambayo bila hiyo bepari hapati mfanyakazi wa kesho, haikuandikwa popote. Ilibidi wangoje huduma ya taifa ya mwaka 1948.

Asidhani mtu kwamba hayo ni ya kale. Mwaka 2010 sheria ya Obama huko Marekani ilitamka kwamba bima ya kazini ni nafuu iwapo haizidi asilimia 9.5 ya mapato ya kaya. Mwaka 2013 wizara ya fedha ikafafanua: mapato ni ya kaya nzima, lakini gharama inayopimwa ni ya mfanyakazi peke yake! Basi hata kama kuwaingiza mke na watoto kulimeza robo ya mapato, kwenye karatasi bima ilikuwa nafuu, na familia ikanyimwa ruzuku ya serikali. Watu wapatao milioni 5 walinaswa na hesabu hiyo hadi iliporekebishwa Oktoba 2022.

Sheria yetu ya mwaka 1999 ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya iliwahesabu mwenzi na watoto, kwa mchango wa asilimia 6 ya mshahara, nusu yake ikitoka kwa mwajiri. Lakini mkulima wa pamba hana mshahara wala mwajiri. Yeye, chini ya Mfuko wa Afya ya Jamii wa mwaka 2001, alipangiwa na halmashauri kiasi kimoja kwa kaya: mwenye ekari 2 sawa na mwenye ekari 40. Wasiojiweza waliweza kusamehewe, ila ilibidi kwanza wathibitishe ufukara wao mbele ya viongozi, jambo ambalo mwenye ekari 40 hakuulizwa kamwe kuhusu utajiri wake.