Shule ya Wabudha, Mchezo wa Mkoloni

Ukiishi Campbelltown, lazima unamjua angalau Msri Lanka mmoja: jirani, mwenzako wa zamu kazini, au yule jamaa wa kriketi pale viwanja vya Raby. Sasa mwangalie akikutana na mwenzake kutoka Colombo. Sisi tunaulizana "kwenu ni wapi?" Wao wanaulizana "ulisoma shule gani?" Na wakitajiana jina la shule, hapo hapo wameshajuana nusu.

Leo nawasimulia shule moja ya wavulana inayotajwa sana kwenye mazungumzo hayo: Ananda, ya Wabudha. Ndani ya historia yake kuna swali ambalo sisi tuliolelewa huku tunalijua vizuri. Ukichukua vitu vya watu wengine, unabaki kuwa nani?

Turudi nyuma kidogo. Miaka ya 1880 Sri Lanka iliitwa Ceylon na ilitawaliwa na Waingereza. Ukitaka kazi ya ofisini ulihitaji Kiingereza, na shule nyingi nzuri za Kiingereza zilikuwa za wamisionari. Mtoto wa Kibudha aliweza kuingia, lakini huko angesomeshwa Biblia, na mzazi hakujua atarudi nyumbani akiwa nani.

Hadithi hii si ngeni kwetu. Waislamu wengi wa pwani yetu walisita kuwapeleka watoto shule za misheni kwa sababu hiyo hiyo, na wakaachwa nyuma kwenye kazi za serikali. Bara Kenya, Wakikuyu waligombana na wamisionari mwaka 1929 juu ya tohara ya wasichana, na baada ya hapo wengi wakajenga shule zao wenyewe.

Kule Ceylon, msaada ulitoka mahali ambapo hakuna aliyetarajia. Henry Steel Olcott alikuwa kanali Mmarekani aliyepigana upande wa Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Alifika Ceylon mwaka 1880, akaupokea Ubudha hadharani katika mji wa Galle, kisha akaanzisha chama cha kujenga shule za Wabudha. Tarehe 1 Novemba 1886 shule ikafunguliwa Pettah, mtaa wa biashara wa Colombo, ikiwa na wanafunzi 37. Mwalimu mkuu wa kwanza, C. W. Leadbeater, alikuwa Mwingereza, tena aliwahi kuwa kasisi wa Kianglikana! Mwaka 1895 shule ikapewa jina la Ananda, yule mfuasi wa Buddha aliyekuwa karibu naye kuliko wote.

Haikuwa rahisi. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 serikali iliweka sheria kwamba shule mpya iliyo ndani ya robo maili kutoka shule nyingine haipati ruzuku. Na nani alikuwa ameshawahi viwanja vizuri? Wamisionari, bila shaka. Kwa hiyo Wabudha walichangishana, kama tunavyofanya sisi kwenye harambee.

Wanafunzi walizidi kuongezeka mpaka mwaka 1925 likazaliwa tawi, nalo likawa shule kamili iitwayo Nalanda, jina la chuo cha kale cha Wabudha kule India. Ndugu wawili hawa wanavaa rangi moja, damu ya mzee. Ananda wanaichanganya na dhahabu, Nalanda na fedha. Mechi yao ya kriketi ya kila mwaka inaitwa vita vya damu ya mzee, na siku hiyo wazee wenye mvi wanapeperusha bendera kama watoto.

Hapa ndipo nilipokwama. Hii shule ilijengwa ili mtoto asimezwe na Mwingereza. Sasa kriketi inafanya nini pale? Huo ni mchezo wa Mwingereza kabisa, uliokuwa fahari ya Royal, shule ya serikali, na St. Thomas', shule ya Waanglikana.

Jibu langu ni hili. Ananda hawakukataa Kiingereza, wala hesabu, wala kriketi. Walichokataa ni masharti, yaani kuambiwa kwamba ili upate hivi lazima uache vile. Uwanjani kijana wa Kibudha aliweza kumfunga mtoto wa misheni mbele ya watu wote, halafu jioni akaenda hekaluni kama kawaida.

Matunda yalionekana. Februari 1982 Sri Lanka walicheza Test yao ya kwanza, dhidi ya Uingereza. Nahodha alikuwa Bandula Warnapura wa Nalanda. Kijana wa miaka 18 kutoka Ananda, Arjuna Ranatunga, bado mwanafunzi, akapiga mikimbio 54.

Ranatunga huyo huyo ndiye aliyekuwa nahodha kwenye Kombe la Dunia la 1996. Na Kenya yetu tulikuwepo! Tarehe 29 Februari tuliwapiga West Indies kule Pune. Wiki moja baadaye, mjini Kandy, Sri Lanka wakatushushia mikimbio 398, rekodi ya dunia wakati ule. Steve Tikolo alijibu kwa 96, lakini wapi! Kwenye fainali kule Lahore waliwafunga Australia. Kati ya wale 11, Gurusinha, Mahanama na Dharmasena walitoka Nalanda, na nahodha Ananda.

Lakini tusiipambe historia. Baada ya uhuru wa 1948, Wabudha Wasinhala, walio wengi, ndio waliokamata nchi. Mwaka 1956 sheria ikakifanya Kisinhala kuwa lugha rasmi pekee, na Watamil wakajikuta pale pale Wabudha walipokuwa zamani: lugha yako au kazi, chagua. Kuanzia 1983 hadi 2009 nchi ilikuwa vitani. Kumbe aliyeonewa jana anaweza kumfanyia mwenzake yale yale leo.

Ndiyo maana naikumbuka Januari 1999, hapa hapa Australia. Kule Adelaide, katika mechi na Uingereza, mwamuzi Mwaustralia alimwadhibu Muttiah Muralitharan kwamba anakunja mkono akirusha. Murali ni Mtamil, Mhindu, aliyesoma shule ya Kikatoliki. Ranatunga, kijana wa Ananda, akamnyooshea mwamuzi kidole, akaipeleka timu yake yote mpaka ukingoni mwa uwanja. Hakukubali mwenzake abaki peke yake. Mechi iliendelea, na Sri Lanka wakashinda kwa wiketi moja.

Kwangu mimi, tendo lile linaishinda hata fainali ya Lahore. Shule inakupa rangi ya kuvaa, ila nani utasimama naye, hilo unaamua mwenyewe.

Haya, zamu yenu. Wikendi hii waulizeni wazazi au bibi na babu: walisoma shule gani, nani aliijenga, na waliambiwa waache nini ili waingie? Rekodini kwa Kiswahili, hata kama kinakwama kwama, mtutumie. Tutazisikiliza pamoja kipindi kijacho.