Kiraka Kilichokaa Miezi 20

Tarehe 21 Mei 2013, mistari michache ya msimbo ilirekebishwa ndani ya glibc, maktaba ambayo karibu kila programu kwenye Linux ya seva huitegemea. Hakuna aliyepiga kelele. Ilionekana ni dosari ya kawaida tu, hesabu iliyopungukiwa kidogo, ikasahihishwa na watu wakaendelea na kazi. Miezi 20 baadaye, tarehe 27 Januari 2015, kampuni ya usalama ya Qualys ikatangaza kwamba dosari ile ile ni njia ya mtu wa mbali kujiingiza kwenye seva bila nenosiri, na kwamba mashine nyingi mno zilikuwa bado na njia hiyo wazi. Dawa ilishatengenezwa zamani. Ilikuwa imekaa tu kwenye kabati.

Dosari hiyo ilipewa jina GHOST. Mimi hutunza seva kwa riziki yangu, na kila nikisikia mtu akisema "weka tu update, ni kubonyeza tu," huwa nakumbuka historia hii. Kubonyeza ndiyo sehemu rahisi.

Tuanze na neno lenyewe. Kiswahili kinaita kitu hiki kiraka, na wala hatukukopa sitiari. Tumelirudisha neno nyumbani kwake. Kompyuta ya Harvard Mark I, iliyoanza kazi Marekani mwaka 1944, ilisoma maagizo kutoka utepe wa karatasi uliotobolewa matundu. Tundu likitobolewa mahali pasipofaa, mafundi walikata kipande cha karatasi na kukibandika juu yake. Kiraka kabisa, kama cha suruali ya shule. Baadaye karatasi zikaisha, jina likabaki.

Unix ilizaliwa Bell Labs mwaka 1969, mikononi mwa Ken Thompson na Dennis Ritchie, na mwaka 1973 ikaandikwa upya kwa lugha ya C. Hapo ndipo maktaba ya C, yaani libc, inapoingia. Programu haitaki kuanza kila jambo kutoka mwanzo: kusoma herufi, kuandika kwenye faili, kutafuta tarehe. Kazi hizo za kila siku zimewekwa mahali pamoja, na programu inaziita zikihitajika. Lakini kwa miaka mingi, kila programu ilipotengenezwa ilibeba nakala yake ya kazi hizo ndani ya tumbo lake. Ni kama mtaa ambao kila nyumba ina mtungi wake. Maji yakigunduliwa kuwa na uchafu, unapita mlango kwa mlango kumwaga mitungi yote, na ukiisahau nyumba moja, hiyo ndiyo itakayougua.

Mfano wa uchafu huo ulionekana tarehe 2 Novemba 1988, siku ambayo mwanafunzi wa Cornell, Robert Tappan Morris, aliachilia mnyoo kwenye intaneti. Mnyoo ule ulikuwa na njia kadhaa za kupenya. Njia moja ilipitia programu iliyoitwa fingerd, ambayo ilitenga nafasi ya baiti 512 kupokea ujumbe, kisha ikaiita kazi moja ya libc inayoitwa gets. Sasa gets ni kama mhudumu anayemimina chai bila kuangalia kikombe: anaendelea mpaka birika liishe. Mnyoo ulituma ujumbe mrefu kuliko nafasi, maneno yakafurika hadi pale kompyuta inapoweka anwani ya kurudia, na mashine ikaanza kutii mgeni. Makadirio yanayotajwa sana ni mashine 6,000, wakati intaneti nzima ilikadiriwa kuwa na kama 60,000. Watu wa Berkeley walisambaza viraka ndani ya muda mfupi. Morris akapatikana na hatia mwaka 1990, akapewa miaka mitatu ya uangalizi, saa 400 za kazi za jamii na faini.

Lakini angalia kilichotiwa kiraka. Ni fingerd. Gets yenyewe iliachwa kwenye maktaba, kwa sababu programu nyingi zilikuwa zinaitegemea, na haikuondolewa kwenye kanuni rasmi za C hadi 2011. Miaka 23, jo! Ukitaka kujua kwa nini watu wa maktaba huenda polepole, jibu ni hilo: kitu kikishatumiwa na kila mtu, hata kosa lake linakuwa ahadi.

Kabla ya hapo kulikuwa na tatizo lingine: kiraka chenyewe kitasafirije? Laini zilikuwa nyembamba, huwezi kumtumia kila mtu msimbo wote upya. Tangu 1974 Unix ilikuwa na programu ya diff, inayolinganisha faili mbili na kuonyesha tofauti tu. Watu wakawa wanatumiana tofauti hizo kwa barua pepe, na mpokeaji anakaa chini kubadilisha mstari kwa mstari kwa mkono. Mwaka 1985 Larry Wall, yule yule ambaye mwaka 1987 angetoa lugha ya Perl, aliandika programu aliyoiita patch. Ilisoma tofauti hizo na kuzibandika yenyewe. Utamu wake ulikuwa uvumilivu: hata kama faili yako imesogea kidogo, mistari haipo pale ilipotarajiwa, ilitafuta mahali panapofanana na kushona hapo. Kwangu mimi huyu ni mmoja wa mababu wa programu huria kuliko wengi wanaotajwa kwenye hotuba, maana bila njia rahisi ya kupokea marekebisho kutoka kwa mtu usiyemjua, ushirikiano ule ungebaki maneno matupu.

Kisha likaja bomba. Mwaka 1988 Sun walitoa SunOS 4.0 yenye maktaba za pamoja: faili moja ya libc kwenye diski, na programu zote zinaungana nayo wakati wa kuanza kazi. Ulikuwa wazo la zamani kuliko Unix yenyewe, lakini sasa lilifika kwenye mashine za mezani. Linux ikafuata njia hiyo, na leo faili hiyo inaitwa libc.so.6. Faida ni wazi: rekebisha faili moja, umewaponya wote. Hasara nayo ni wazi: ukivunja faili moja, umewaua wote.

Hapa nisimame kidogo, kwa sababu ndipo hadithi za kutisha za wasee wa Unix zinapotoka. Tuseme umepata libc mpya na unataka kuiweka kwa mkono. Unafikiri: kwanza niiondoe ya zamani, nibadilishe jina lake. Unaandika amri ya mv, inakubali. Sasa unaandika mv ya pili ili uweke mpya. Inakataa. Unajaribu cp, inakataa. ls, inakataa. Amri hizo ni programu, na kila moja inatafuta libc.so.6 kabla ya kufanya lolote, na wewe ndiye umeificha. Umekalia tawi, na msumeno umeukata wewe. Ganda la amri ulilomo bado linaishi kwa sababu lilishaunganishwa tayari, kwa hiyo unaweza kuandika "echo *" ukaona majina ya faili, kwa vile echo imo ndani ya ganda lenyewe. Unaziona faili zako kama mtu anayeangalia funguo zake kupitia dirisha la gari lililofungwa. Ndiyo maana glibc huja na kijiprogramu kinachoitwa sln, kazi yake kuunganisha majina ya faili tu, na kimetengenezwa kwa mtindo wa kale wa mtungi: kimebeba kila kitu tumboni, hakimwombi mtu maji. FreeBSD nao wana saraka nzima ya /rescue yenye amri za namna hiyo. Mtungi haukutupwa, uliwekwa uvunguni kwa siku ya shida.

Kosa la pili ni la kinyume: kumimina maktaba mpya juu ya faili ile ile ya zamani. Programu zinazoendelea na kazi zinaisoma faili hiyo wakati huo huo, na zikijikuta ukurasa umebadilika katikati ya sentensi, zinaanguka moja baada ya nyingine. Njia salama, ambayo mifumo ya vifurushi hutumia, ni kuiandika mpya pembeni kwa jina la muda, kisha kubadilisha jina kwa tendo moja lisilogawanyika. Hakuna hata sekunde ambayo jina lile halina faili nyuma yake.

Ila sasa inakuja siri ambayo wengi hawaijui. Unix haifuti faili ambayo bado inashikwa na programu. Jina linahamia kwa mpya, lakini ya zamani inaendelea kuishi bila jina mpaka wa mwisho anayeishika aiachilie. Programu iliyoanza jana inaendelea kutumia libc ya jana, dosari na yote. Diski imepona. Kumbukumbu bado inaumwa.

Turudi kwa GHOST. Programu ikitaka kujua anwani ya jina fulani la mashine, kwa muda mrefu iliita kazi ya libc inayoitwa gethostbyname. Kabla ya kwenda kuuliza mtandaoni, glibc hukagua: je, huenda nilichopewa si jina bali ni anwani tayari, tarakimu na nukta? Ndani ya ukaguzi huo kuna mstari unaopiga hesabu ya nafasi inayohitajika. Ulihesabu vitu vitatu. Chini yake vikahifadhiwa vinne. Kilichosahaulika ni kielekezi kimoja, baiti nne kwenye mashine za biti 32, nane kwenye za biti 64. Na katika baiti hizo mshambuliaji angeweza kuandika tarakimu, nukta, na sifuri ya kumalizia tu. Ungesema ni ufa ambao hata mchwa hapiti. Qualys walipita: walitengeneza shambulio lililoiteka seva ya barua pepe ya Exim, ikiwa imewekwa kukagua jina la anayepiga hodi, na likavuka kinga zote za kumbukumbu zilizokuwepo.

Dosari iliingia na glibc 2.2, iliyotolewa Novemba 2000. Ilirekebishwa 2013, lakini bila kuandikwa popote kwamba ni suala la usalama. Na hapo ndipo penye uchungu. Mifumo ambayo kampuni na vyuo huichagua kwa sababu ni imara, haikimbilii matoleo mapya. Inabaki na toleo la zamani kwa miaka na kuchota kutoka mapya yale marekebisho yaliyowekwa alama ya usalama. Kisicho na alama kinaachwa. Red Hat 7 ilitoka Juni 2014, mwaka mzima baada ya dosari kurekebishwa, na ilitoka nayo. Debian 7 vilevile, na Ubuntu 12.04. (Ubuntu, ndiyo, ni neno letu sisi Wabantu, ndugu wa utu. Siku ile utu ulikuwa na tundu.) Waliokimbilia mapya walikuwa salama bila kujua. Waliokuwa waangalifu ndio walioachwa nje kwenye mvua.

Wakati huo nilikuwa nikitunza seva sita za kampuni moja hapa Nairobi. Usiku wa tangazo kiraka kilishuka na kujiweka kwa dakika chache. Kisha nikaandika lsof, amri inayoonyesha nani anashika faili gani, na orodha ikajaa: barua pepe, hifadhidata, tovuti, hata mlango wa ssh niliongilia, wote wakiishika libc iliyofutwa. Nikampigia bosi kuomba ruhusa ya kuzima na kuwasha zote.

"Kijana, si umesema imeingia?"

"Imeingia kwenye diski, boss. Zilizowaka bado zinatumia ile ya zamani."

"Na wateja?"

Nikamwambia saa tisa usiku wateja wamelala. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama wezi nao hulala. Ni swali zuri kuliko yote niliyoulizwa kazini mwaka ule. Tukaanza na seva ya barua pepe saa ile ile.

Tarehe 3 Oktoba 2023 Qualys walirudi tena na glibc. Safari hii dosari ilikuwa kwenye kipakizi chenyewe, ld.so, kile kinachounganisha programu na maktaba kabla haijasema hata neno, na mtumiaji wa kawaida aliyeko ndani ya mashine angeweza kukitumia kujifanya mkuu wa mfumo. Iliingia Aprili 2021. Tofauti na ile ya kwanza, wenye mifumo walikuwa wameambiwa mapema kwa siri, na viraka vikatoka siku ile ile ya tangazo, kila kimoja kikiwa na alama ya usalama.