Rumanyika tunamjua, Rogero ni nani?

Miaka michache iliyopita nilikwenda Kyerwa kutengeneza kipindi juu ya migogoro ya ardhi. Ndugu wawili, baba mmoja mama mmoja, walikuwa wanagombea kibanja alichoacha marehemu baba yao. Nilifika kwanza kwa kaka mtu. Akanipokea vizuri, nikala ndizi kwa maharage, nikaonja na rubisi. Mzee yule alikuwa na sauti ya redio hasa: ya taratibu, yenye kusita kidogo pale panapouma. Kwa mdogo mtu nilifika jua limeshazama. Alikuwa na hasira, akanijibu maneno mawili matatu, akaingia ndani.

Kipindi kiliporushwa, kaka alipata dakika tisa na mdogo hakufikisha dakika moja. Wasikilizaji walipiga simu wakimlaani mdogo mtu. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza nilikula kwa nani.

Wiki iliyofuata mdogo mtu akaja mjini kunitafuta. Ni mtu mzima kuliko mimi, nikamwamkia, akaitikia marahaba kwa shida. Akasema: "Mwandishi, umehukumu kesi ukiwa umekaa kwenye kiti cha mlalamikaji." Neno hilo lilinirudisha kwenye kitabu kilichoandikwa juu ya nchi ileile, ambamo ndugu wengine waligombea kitu kikubwa zaidi ya kibanja.

Novemba 1861, Mwingereza John Hanning Speke, pamoja na mwenzake James Grant, aliingia Karagwe akitafuta chanzo cha mto Nile. Kumbukeni alikotoka. Njia nzima machifu walikuwa wamemkamua hongo ya nguo, shanga na nyaya, na Suwarora wa Usui alimkamua kuliko wengi. Alipofika kwa Mukama Rumanyika, ikulu yake ikiwa Bweranyange, mambo yakageuka. Hakudaiwa hongo. Watu wake walipewa chakula. Mfalme alimshika mkono, akamuuliza habari za dunia, wakaongea kama watu waliofahamiana siku nyingi. Kitabu cha Speke kilichotoka mwaka 1863 kinammwagia Rumanyika sifa za uungwana na akili. Stanley alipita hapo mwaka 1876, naye akapokewa vizuri, naye akaandika kwamba mfalme huyu ni mpole. Wageni wawili, meza moja. Sisemi Rumanyika hakuwa mpole. Nasema waliotupa habari zake walikuwa wameshiba kwake.

Sasa tuje kwenye ugomvi. Baba yao Ndagara alipofariki, watoto watatu walitaka kiti: Rumanyika, Nnanaji, na yule ambaye Speke anamwandika kwa jina la Rogero. Rumanyika mwenyewe alimsimulia mgeni wake jinsi alivyoshinda. Iliwekwa ngoma ndogo mbele yao, nyepesi kama unyoya lakini imetiwa dawa, kiasi kwamba asiye na haki hawezi kuinyanyua. Wenzake walishindwa. Yeye aliinua kwa kidole kidogo. Tena akawekwa juu ya kipande cha ardhi, na ardhi ile ikapanda naye hadi usawa wa mawingu.

Ni simulizi tamu, na msomaji anampenda mtu wa kidole kidogo. Lakini kitabu hichohicho, katika sura za Kazeh, yaani Tabora ya leo, kina habari nyingine. Huko alikuwepo mfanyabiashara mkubwa wa pembe, Musa Mzuri, ambaye alikuwa Karagwe wakati wa vita vya ndugu hawa. Kwa maelezo yake, Rogero alikuwa na nguvu za kutisha, na kilichomwondoa ni nguvu ya silaha iliyonunuliwa kwa pembe za ndovu. Hapo hapana ngoma wala kidole.

Speke hakuzigonganisha simulizi hizi mbili. Aliziandika kila moja mahali pake, akaendelea na safari. Na Musa naye tusimwamini haraka, kwa sababu kila alivyojieleza kuwa ndiye aliyemweka mfalme kitini ndivyo bei yake ilivyopanda mbele ya mzungu anayetaka kupita Karagwe. Wasimulizi wawili, kila mmoja na faida yake. Wa tatu, Rogero, hakuhojiwa na yeyote. Tunachosikia ni kwamba alikuwa bado huko porini akisumbua, na kwamba mfalme yule mpole alimuuliza mgeni wake kama hana dawa ya kummaliza ndugu yake.

Yupo mwingine aliyekosa sauti. Speke alikwenda kwa mke wa kaka mmoja wa mfalme. Wake wa kifalme walinenepeshwa kwa maziwa mpaka kusimama ikawa kazi, maana unene ulikuwa heshima. Speke akatoa kamba akampima: mzunguko wa mkono futi 1 na inchi 11, kifua futi 4 na inchi 4. Ili mama akubali, mzungu alimwonyesha mikono na miguu yake mitupu. Binti yake wa miaka 16 alikaa pembeni akinywa maziwa, na baba yuko karibu na fimbo. Uingereza walisoma wakacheka. Vipimo vyote tunavyo, jina la mama yule hatuna. Mimi ningetoa vipimo vyote vile nipate sentensi moja aliyowaambia wifi zake jioni ile, kuhusu mwanamume mwekundu aliyekunja suruali ili apate kumpima paja.

Waandishi wa riwaya wanaujua mchezo huu kuliko sisi wa habari, maana wao wanaufanya kwa makusudi. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, ana riwaya ya mwaka 2001 iitwayo By the Sea. Mzee Saleh Omar anawasili Uingereza kuomba hifadhi kwa jina lisilo lake. Anatusimulia, tunamhurumia. Halafu anaingia Latif Mahmud, na kumbe jina lile ni la baba yake, na katika kumbukumbu zake mzee wetu ndiye aliyewatoa kwenye nyumba yao. Huruma inahama. Mzee anarudi kusimulia tena, na msomaji hajui tena aiweke wapi. Gurnah alimpa kila mmoja zamu yake. Rogero hakupewa zamu.

Na simulizi ya mgeni aliyeshiba haibaki kitabuni. Speke alishikilia kwamba watawala wa ukanda huu asili yao ni Ethiopia, akamwambia hivyo Rumanyika uso kwa uso, na mfalme akapendezwa. Nadharia hiyo ikaingia mashuleni, ikafundishwa na wakoloni, ikavuka hadi Rwanda. Mwaka 1992 mwanasiasa mmoja wa huko alihutubia mkutano akitaka Watutsi warudishwe Ethiopia kwa njia ya mto Nyabarongo. Mwaka 1994 maiti zilielea katika mto Kagera, unaopita mpakani mwa Karagwe na Kyerwa, hadi Ziwa Victoria, na wakimbizi wakajaa wilayani. Simtwishi Speke damu ile. Ila hadithi ilianza ikiwa mazungumzo ya kufurahishana baina ya mwenyeji na mgeni.

Israel Katoke, mwanahistoria wa Kitanzania, alitoa historia ya ufalme wa Karagwe mwaka 1975, akitumia masimulizi ya Wanyambo wenyewe. Ni kazi ya maana. Hata hivyo, wazee wanaotunza historia ya ikulu ni wazee wa upande ulioshinda. Mwaka 2019 serikali ilipotangaza hifadhi mpya za taifa, moja ikaitwa Rumanyika-Karagwe.

Sitaki mnielewe vibaya mkadhani namtetea Rogero. Pengine alikuwa mkatili, pengine ngoma ilikuwa na haki ya kumkataa. Niliporudi Kyerwa kumrekodi mdogo mtu alinipa saa nzima, naye akaongea vizuri, nikaanza kumpenda. Ndipo jirani akaniuliza kama amenieleza habari ya mistari ya mibuni aliyoiuza kimyakimya kabla hata ya matanga kuisha. Hakuwa amenieleza. Kaka mtu naye, yule wa sauti nzuri, alikuwa ameijua habari hiyo akainyamazia, kwa kuwa nusu ya fedha alichukua yeye.

Nilirusha kipindi cha pili chenye sauti zote tatu, ya jirani ikiwemo. Safari hii simu zilikuwa chache. Mmoja alilalamika kwamba hakuelewa amwonee huruma nani, akaomba kile cha kwanza kirudiwe.